Daftari la Mwaka wa Tatu

Mpendwa mshauri,

Naandika huku nikijionea haya, si kwa sababu ya jambo lenyewe bali kwa sababu ukurasa wako huu mimi nimezoea kuuita ukurasa wa umbea, na mke wangu, ambaye huusoma kila Jumapili akinywa chai, nimemcheka miaka na miaka kwa ajili yake, lakini sasa nimekwama, na wale wenzangu ambao ningeweza kuwaomba ushauri ndio hao hao nisiotaka wajue, kwa hiyo nakuomba unisaidie, na jina langu usilitaje.

Mimi ni mtaalamu wa ikolojia, profesa, umri wangu miaka sitini na moja. Maisha yangu yote ya kazi yamehusu ndege mmoja mdogo wa kahawia anayejenga kiota ndani ya matete, kinamasini, ndege ambaye wewe ukimwona hutageuza shingo. Nikiwa na miaka thelathini na minne nilichapisha makala ya kurasa kumi na moja iliyoonyesha kwamba matete yakikatwa kila kiangazi ndege hao huongezeka karibu maradufu, na makala hiyo imetajwa katika kazi za watafiti wengine mara elfu nne mia mbili na kumi na nane, najua kwa sababu kila asubuhi kabla sijapiga mswaki nafungua kompyuta kutazama, na leo hii wasimamizi wa vinamasi katika nchi kadhaa wanakata matete kwa utaratibu unaoitwa kwa jina langu. Hayo si majivuno, ni takwimu. Niliosoma nao wameandika makala mia, wengine mia mbili, na hakuna anayezikumbuka, wao wenyewe wakiwemo.

Shida yangu ni mke wangu. Mwezi ujao chama chetu cha wanaikolojia kitanivisha nishani ya utumishi wa maisha, kutakuwa na ukumbi, hotuba na viti vya mbele vya familia, na mke wangu amesema haji. Si kwamba ana udhuru, amesema tu haji. Amehamia chumba kilichokuwa cha binti yetu, akabeba mto wake na redio, na tangu hapo ananipakulia chakula kama kawaida lakini ananiita "Profesa", neno ambalo kwa miaka ishirini na sita ya ndoa hajawahi kunitamkia. Binti yetu ameolewa, nikampigia simu azungumze na mama yake, akaniambia, "Baba, mama amenieleza yote. Naomba mimi usinitume."

Ili uone jinsi ninavyoonewa, lazima nieleze habari za mwanafunzi mmoja.

Huyu nilimfundisha miaka kumi na miwili iliyopita, nami ndiye niliyembatiza jina la Bi Kwanini, kwa sababu kila ukisema jambo anauliza kwa nini, kwa sauti ndogo na kwa adabu zote, mpaka darasa zima linachoka. Hakuwa mwanafunzi wa kutisha. Alipomaliza alipata kazi ya kufundisha katika chuo kidogo, mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na kumbe huko, bila ruzuku yoyote, akawa kila Jumamosi anaingia kwenye kinamasi kile kile nilichofanyia kazi mimi, mumewe, fundi baiskeli, akimsukumia mtumbwi, naye akihesabu. Wamefanya hivyo miaka tisa. Mimi nilihesabu ndege, yeye akahesabu viota vyenye mayai na makinda yanayofikia kuruka, kazi ya kuchosha isiyo na akili nyingi, na akafikia kusema kwamba matete yakikatwa, ndege waliofukuzwa hubanana kwenye vichaka vichache vilivyobaki, kwa hiyo mtu aliye kwenye mtumbwi anawaona wengi kwa sababu hawana pa kujificha, lakini viota ni haba, kunguru wanayamaliza makinda, na mwaka hadi mwaka ndege wanapungua. Kwa hesabu zake wamebaki chini ya nusu.

Alikuja nyumbani kunieleza, na mfuko wa makaratasi mkononi, mke wangu akatuletea chai. Hakunipinga, hilo nakiri. Alisema, "Mwalimu, sikuja kubishana. Nataka tu kujua kama nawe uliona kitu cha namna hii. Makala yako ina hesabu za miaka miwili tu. Hukuwahi kuhesabu mwaka wa tatu?"

Nikamwambia nilihesabu.

"Naomba kuliona daftari."

Nikamwambia lililiwa na mchwa.

"Pole, Mwalimu," akasema. "Mimi ya kwangu nayaweka kwenye ndoo yenye mfuniko."

Sasa, mshauri, ukweli ni kwamba daftari lipo. Mwaka wa kwanza nilihesabu ndege sitini na mmoja, wa pili mia moja na kumi na wanane, wa tatu thelathini na tisa. Lakini mwaka ule wa tatu maji yalijaa kupita kiasi, mtu yeyote mwenye akili angeona hesabu zimeharibika, kwa hiyo nikaandika makala ya miaka miwili nikanyamaza kuhusu wa tatu. Mke wangu wakati huo alikuwa karani wa idara yetu na ndiye aliyechapa makala, na akaniuliza, "Hili la tatu silichapi?" nikamjibu, "Hilo la mvua," akacheka, na mwaka uliofuata tukaoana. Sikuwahi kuliona kama uongo.

Miezi mitatu baada ya ziara ile, jarida moja kubwa likaniletea makala ya Bi Kwanini niitathmini kabla haijachapishwa, na kwa desturi ya kazi yetu mtathmini hatajwi kwa mwandishi. Najua wapo watakaosema ningekataa kwa kuwa jambo lilinihusu, lakini nani mwingine anamjua ndege huyu kama mimi? Nikaikalia miezi saba, nina majukumu, kisha nikaandika kurasa mbili. Nilisema mbinu zake ni za kizamani, na nikamalizia kwamba mwandishi angefanya vyema kujifunza kuhesabu kabla ya kujifunza kuandika, sentensi ambayo nilimsomea mke wangu kwa sauti, maana niliona imekaa vizuri. Hakucheka. Makala ikakataliwa.

Halafu Jumamosi moja tuko mezani tunakula mchana, simu ikaita, mikono yangu ina chakula, nikaiwasha isikike nje. Ni Bi Kwanini.

"Mwalimu, wameikataa."

"Pole sana, mwanangu," nikamwambia. "Ndivyo taaluma ilivyo."

"Aliyeitathmini anasema nikajifunze kwanza kuhesabu."

"Usimjali huyo. Wapo watu wenye roho mbaya."

Akasema chuo kilikuwa kinaisubiri makala ile ndipo wamwongezee mkataba, na sasa hataongezewa. Akaniuliza kama nadhani ajaribu jarida jingine. Nikamshauri apumzike kwanza mwaka mmoja, atulize akili. Akanishukuru.

Mke wangu akanawa mikono, akaenda chumba changu cha kazi, akafungua droo ya chini kabisa kana kwamba anaifungua kila siku, akarudi na daftari la mwaka wa tatu, akaliweka kando ya sahani yangu. "Hawa mchwa," akasema, "wana heshima sana. Hawajagusa hata ukurasa." Kisha akaenda kuhamisha mto wake.

Nimemweleza kwamba haya ni mambo ya kitaalamu ambayo yeye hayaelewi. Nimemweleza kwamba miaka yangu yote ya kazi haiwezi kubomolewa na mke wa fundi baiskeli. Anachojibu ni, "Sawa, Profesa." Juzi bwana hifadhi wa kinamasi alinipigia, kama anavyofanya kila mwaka, kuthibitisha ramani ya kukata matete, maana wanaanza baada ya wiki nne, nami nikamwambia aendelee kama kawaida, na mke wangu aliyekuwa anapiga pasi akazima pasi akatoka nje akakaa kwenye ngazi.

Sikuulizi habari za ndege. Nakuuliza hivi: nitumie njia gani ili mke wangu akubali kuketi kiti cha mbele siku ya nishani, hata asipotabasamu, maana watu wataniuliza alipo nami sina la kuwajibu?

Mtaalamu wa Matete

*

Profesa,

Ukurasa wa umbea umekupokea. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mbele ya mhariri wangu, ambaye alidhani nimeitunga. Nikamwambia siwezi. Mimi nikitunga mtu mbaya huwa namwachia angalau aibu kidogo ili wasomaji wamwamini.

Umeniuliza swali moja na umelijibu mwenyewe. Watu wakikuuliza mkeo yuko wapi, waambie yuko nyumbani, amekataa kukaa kiti cha mbele kumpigia makofi mtu aliyemuua mwanafunzi wake kikazi kisha akampa pole kwa simu. Ni jibu fupi, linatosha ukumbi wote.

Unasema mkeo haelewi mambo ya kitaalamu. Mimi pia siyaelewi. Ndege sijui, matete najua ya kutengenezea mikeka. Lakini kwa barua yako peke yake nimeelewa kwamba ulihesabu mara tatu ukaandika mara mbili, na kwamba mara ile uliyoificha ndiyo iliyosema kweli. Kama mimi nimeelewa nikiwa nimekaa hapa na kikombe changu, karani aliyechapa makala hiyo kwa vidole vyake ameelewa zaidi. Amekuwa akielewa kwa miaka ishirini na saba. Alikuwa anasubiri wewe uelewe.

Nitakuhurumia mahali pamoja, halafu basi. Ulikuwa na miaka thelathini na minne, una hesabu mbili nzuri na moja mbaya, na ile mbaya ingekurudisha mwanzo. Uliogopa. Ukajiambia ni mvua. Pengine kweli ilikuwa mvua, hukujua, na kutojua si dhambi. Ungeandika mstari mmoja tu, kwamba mwaka wa tatu walionekana thelathini na tisa na sijui kwa nini, leo ungekuwa mtu mwenye heshima na makala iliyotajwa labda mara mia mbili. Hapo nakuelewa. Wengi tungetetereka.

Lakini mtu aliyedanganya kuhusu mchwa ana miaka sitini na moja. Huyo hakuwa anaogopa kurudi mwanzo, huyo alikuwa amekaa kitako. Alipewa filimbi ya mwamuzi katika mechi anayocheza yeye mwenyewe, akaipuliza. Akachelewesha miezi saba kazi ya miaka tisa, akatafuta sentensi ya kejeli, akaipenda, akaisoma mezani. Na yule binti alipompigia kumweleza kwamba wameikataa, akamwita mwanangu na kumshauri apumzike mwaka mmoja. Profesa, mimi napokea barua za waume wanaopiga na wake wanaoiba, na nina maneno ya kuwaambia. Kwa hilo la kumpa pole ilinibidi niinuke nizunguke chumba.

Na usiniambie tena habari za mke wa fundi baiskeli. Huyo fundi baiskeli amesukuma mtumbwi Jumamosi za miaka tisa ili mkewe ahesabu makinda. Wewe umeshindwa kumpa mkeo ukweli wa ukurasa mmoja uliokuwa kwenye droo. Katika ndoa hizo mbili, mimi najua ipi ya kuchekwa.

Unajivunia kutajwa mara elfu nne na ushee. Nakuuliza: katika hao wote, wangapi walikwenda kinamasini kuangalia kama ulisema kweli? Mmoja. Ulimfundisha mwenyewe, ndiye mavuno pekee ya kweli ya kazi yako, na ukamzima.

Sasa sikiliza, na ufanye kwa mpangilio huu kwa sababu ndege hawana nafasi ya kusubiri uchungu wako upoe. Ukimaliza kusoma gazeti hili mpigie bwana hifadhi. Mwambie asikate mwaka huu, mwambie ulikosea na una ushahidi mezani. Atakuuliza maswali, mjibu. Wiki nne ulizonitajia zimekwisha kuwa tatu wakati barua yako inapangwa hapa. Siku hiyo hiyo mwandikie mhariri wa lile jarida, kwa jina lako kamili, kwamba tathmini ile ni yako, kwamba hukustahili kuiandika, kwamba unaifuta. Usieleze habari za majukumu. Halafu piga picha kurasa zote za daftari, kila moja, hata zenye madoa, umtumie Bi Kwanini, na umwambie nani alimwambia akajifunze kuhesabu. Usimwombe msamaha katika ujumbe huo huo. Ukimwomba hapo hapo utakuwa unamlipisha daftari kwa msamaha. Andika pia kwa chuo chake kwamba kazi yake ni safi na ilikataliwa kwa hila yako.

Nishani waandikie wenyewe waamue, ukiwa umewaeleza yote. Wakikupa baada ya hapo, kapokee. Sidhani.

Kuhusu mkeo, usimfanyie mbinu. Fanya niliyokuambia bila kumtangazia, maana utataka sana kumtangazia. Akirudi chumbani, amerudi. Asiporudi, umenunua mto mpya na maisha yanaendelea.

Mshauri wako

*

Mshauri,

Zimepita wiki sita na nimeona nikuandikie, ingawa lugha uliyonitumia sijawahi kutumiwa tangu nikiwa shule ya msingi.

Nilimpigia bwana hifadhi. Akasema kwa upole kwamba wafanyakazi wake wamekuwa wakimwambia jambo hilo kwa miaka minne naye akiwajibu kwamba Profesa ndiye anayejua. Upande wa kaskazini walikuwa wameshaanza, mapema kuliko tarehe waliyonitajia, upande wa kusini wameuacha wote. Jarida limejibu kwa mistari miwili ya baridi kama barafu, na makala ya Bi Kwanini inatathminiwa upya na watu wengine. Chuo chake hakijanijibu. Chama kimeahirisha nishani, na neno walilotumia ni "kwa sasa", ambalo kwa kazi zetu maana yake ni kamwe. Wawili kati ya marafiki zangu wa zamani hawapokei simu.

Mke wangu bado analala chumba cha binti yetu. Lakini nilipokuwa napiga picha kurasa, karatasi ni za zamani zinajikunja, alikuja akazishika pembeni kwa vidole mpaka tukamaliza zote sitini na nne. Alipoondoka aliniuliza kama wameacha kweli kukata upande wa kusini, nikamwambia wameacha, akaitika.

Kinachoniumiza na kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Nilimtumia Bi Kwanini kila kitu, na nikamweleza nilichofanya, bila kujitetea, kurasa nne. Nilingoja siku tisa. Jana akajibu. Ujumbe wote nauweka hapa: "Nimepokea. Ukurasa wa kumi na saba umetoka na ukungu. Naomba upige tena, mchana, karibu na dirisha."

Hakuna asante, hakuna tusi, hata lile neno "Mwalimu" halipo. Nimekaa na simu mkononi tangu asubuhi sijui niandike nini. Mtu kama huyu anajibiwaje?

Mtaalamu wa Matete

*

Profesa,

Sasa hivi ni saa ngapi huko kwako? Kama jua bado lipo, weka simu chini ufungue pazia. Anataka ukurasa wa kumi na saba.

Mshauri wako